Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: miche ya Aprili

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Usukumani. Mimi ni mkulima na mfugaji mkoani Shinyanga, na nina neno kuhusu elimu ya misitu inayotufikia huku vijijini.

Kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, turubai linafungwa, muziki unapigwa, mgeni rasmi anapanda mche kwenye shimo ambalo vijana walishalichimba jana yake, nasi tunagawiwa fulana. Sasa, mvua za kwetu huanza Novemba, na Aprili ndiyo zinaaga. Mche wa siku hiyo unakutana na kiangazi hata mizizi haijashika. Mwaka jana nilipewa mijohoro kumi. Minane ilikauka kabla ya Sabasaba, miwili ikaliwa na mbuzi. Mbuzi walikuwa wangu, hilo nakiri.

Huku kwetu elimu ya misitu iliwahi kuzaa matunda, Mheshimiwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Nchi ilikuwa uchi: wakoloni walifyeka miti kufukuza mbung'o, ikaja pamba, kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa na kuziacha nyuma ngitili zao, yaani malisho yaliyofungwa. Mwanzoni wataalamu nao walikuja na vitalu na miche, kama mnavyofanya leo. Baadaye wakakaa chini na wazee, wakasikia habari za ngitili.

Ngitili haina gharama. Mvua zikianza unafunga kipande cha malisho, ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikikaza. Humo ndani nyasi zinarefuka, na visiki vya migunga vilivyokuwa hai ardhini muda wote vinachipua vyenyewe. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida, baraza letu la jadi, na sungusungu walijua kwake. HASHI ilipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikadiriwa kuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000.

Leo kwenye mikutano tunaambiwa "usikate mti", "ni kosa", "utafungwa". Hakuna anayetusomea kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo na kunufaika na mapato yake. Kilwa wameielewa, wapo wanaouza mpingo wa msitu wa kijiji, na fedha inaingia mfuko wa kijiji. Ukimwambia mtu msitu ni wa serikali, usiku atakwenda na shoka. Ukimwonyesha kwamba ni wake, usiku huohuo atalala akisikiliza shoka la jirani.

Ombi langu: siku yetu ya miti ihamie Desemba. Fedha ya fulana ichapishe sheria hiyo kwa Kiswahili chepesi, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kina mama wakiwepo, maana wao ndio wanaotembea kutafuta kuni. Na afisa misitu apewe mafuta ya pikipiki, tumwone hata mwezi usio na sherehe.

Ngitili yangu, ekari mbili, nimeifunga tangu mvua za kwanza. Karibu Agosti uione. Fulana usilete, ninazo nne.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji, Shinyanga