Barua kwa mpwa wangu: kabla hamjapanda jukwaani Nairobi

Sheffield, Uingereza

Mpwa wangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, ila baridi. Ujumbe wako nimeupata, na habari ya timu yenu kupata nafasi kwenye ubingwa wa taifa imenifurahisha mno. Vijana wa Kisauni kwenda kunyanyua vyuma mbele ya nchi nzima si jambo dogo. Mwambie mama yako asihofu, mchezo huu wa powerlifting una sheria, una waamuzi na una watu wa kudaka chuma pande zote. Minyanyuo yake ni mitatu: skwati, kuchuchumaa na kupanda chuma kikiwa mabegani; benchi, kukisukuma juu ukiwa umelala chali; na dedilifti, kukivuta kutoka chini hadi usimame wima.

Umeniuliza muongeze kilo ngapi katika wiki zilizobaki. Nguvu mlizonazo zinatosha. Mkijitahidi sana mtaongeza kilo tano, labda saba na nusu, na mtu anaweza kuzipoteza zote kwa kuweka chuma chini kabla ya amri. Wiki hizi zitumieni kujifunza mashindano yenyewe.

Anza na hesabu ya alama za timu kwa mfumo wa IPF, shirikisho la dunia la mchezo huu lililoundwa mwaka 1972. Katika kila daraja la uzani wa kwanza hupata alama 12, wa pili 9, wa tatu 8, wa nne 7, kisha hushuka moja moja. Anayekosa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja hana jumla, yaani hesabu ya kilo zake bora za minyanyuo yote mitatu, na asiye na jumla haipi timu yake hata alama moja. Kwa hiyo kijana aliyeshika nafasi ya nne kwa uzito wa kawaida anawafaa kuliko shujaa aliyeanza skwati na kilo asizoziweza akatolewa kabla ya saa sita mchana. Jaribio la kwanza liwe uzito ambao kila mmoja anaweza kuunyanyua mara tatu mfululizo jimuni hata siku aliyolala vibaya. La pili likaribie kilele chake, la tatu ndilo la kutafuta makubwa.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote: teueni mtu mmoja asiyenyanyua, kazi yake iwe kupeleka namba zenu kwenye meza ya wasimamizi. Mnyanyuaji akimaliza jaribio, saa ya dakika moja inaanza kuhesabu. Ndani ya dakika hiyo uzito unaofuata uwe umeandikwa kwenye karatasi na karatasi imefika mezani. Dakika ikipita, aliyefaulu anaongezewa kilo 2.5 tu, na aliyekosa anarudishiwa uzito uleule. Kijana aliyetoka kubeba kilo 180 anahema, masikio yanavuma, hawezi kupiga hesabu. Dada yako anayeshika daftari la duka angefaa hapo kuliko mwanamume yeyote mwenye misuli.

Ajue haya kwa moyo. Majaribio hupanda kwa kilo 2.5 au mafungu yake. Ndani ya raundi chuma hupanda tu, hakirudi nyuma. Jaribio la kwanza laweza kubadilishwa mara moja, mwisho dakika tatu kabla ya raundi kuanza. La pili na la tatu, kwa skwati na benchi, likishaandikwa limeandikwa. Dedilifti ya tatu peke yake ndiyo inayobadilishwa hadi mara mbili, na hapo ndipo medali nyingi huamuliwa. Tuseme mpinzani amemaliza na jumla ya 560, na kijana wetu ana 357.5 kabla ya dedilifti. Akivuta 202.5 wanalingana, na wakilingana hushinda mwenye mwili mwepesi zaidi. Basi kama wetu ndiye mwepesi, 202.5 zinatosha, kama ndiye mzito, ahitaji 205. Ndiyo maana dada yako awe na uzito wa mwili wa kila mpinzani kwenye daftari tangu asubuhi.

Ahesabu na sahani pia. Chuma kina kilo 20, vibano viwili vya kuzuia sahani zisiteleze kilo 2.5 kila kimoja, kwa hiyo kitupu chenye vibano ni kilo 25. Kilo 180 basi ni sahani tatu za 25, zile nyekundu, na moja ya 2.5 kila upande. Jimu nyingi za kwetu hazitumii vibano vizito, na baadhi ya sahani zimeandikwa pauni. Sahani ya pauni 45 ni kilo 20.4. Pimeni upya vyuma vyenu kabla ya kuamua nani anaweza nini.

Skwati ndiyo inayoua timu changa. Waamuzi ni watatu, na mnahitaji taa nyeupe mbili. Mwamuzi wa mbele husema "skwati" ukishasimama imara magoti yamenyooka, na "raki", yaani rudisha chuma kwenye nguzo zake, ukishapanda na kutulia. Kina kinachotakiwa ni hiki: pale paja linapokunjika kwenye nyonga pashuke chini ya sehemu ya juu ya goti. Kulingana hakutoshi. Jimuni kila mtu hujiona ameshuka, kwa sababu rafiki anayempiga picha amesimama na simu iko juu. Wekeni simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, ubavuni kabisa, kimo cha goti, kisha tazameni pindo la bukta kwenye nyonga wakati wa kugeuka kupanda. Asiyeshuka kwa uzito mdogo hatashuka kwa mkubwa, kwani uzito ukiongezeka mtu huharakisha kupanda. Mpunguzieni kilo kumi, aanze upya kwa kina cha haki. Makosa mengine ni kusogeza mguu kabla ya "raki", na chuma kushuka tena kidogo wakati wa kupanda.

Benchi kuna amri tatu: "stati" ya kuanza kushusha, "presi" ya kusukuma, na "raki". Ya pili ndiyo yenye maumivu, kwa maana haitoki mpaka chuma kitulie kabisa kifuani. Vijana waliozoea kukidundisha kifuani watashangaa jinsi uzito wao wa kila siku unavyokuwa mzito. Kuanzia leo kila seti ya benchi iwe na mtu wa kutoa amri, na abadilishe muda wa kusubiri: mara nusu sekunde, mara mbili, ili asizoeleke. Kichwa, mabega na makalio vibaki benchini, nyayo zilale chini zote. Makalio yakiinuka hata upana wa kidole, taa nyekundu. Vidole vya shahada visizidi sentimita 81 kati yao. Chuma cha mashindano kina alama za kuonyesha. Tangu mwaka 2023 pia, chuma kikiwa kifuani, upande wa chini wa kiwiko lazima ulingane na juu ya bega au uwe chini yake, kwa hiyo wale wanaojipinda mgongo kama upinde na kushika mbali sana wajipige picha wajiangalie.

Dedilifti haina amri ya kuanza, ina moja tu ya kumaliza, "dauni". Magoti yakaze, mabega yarudi nyuma, subiri, kisha ukishushe ukiwa bado umekishika. Kukiachia ni kosa. Kukiegemeza mapajani ili kipande nusu nusu pia ni kosa. Poda ya mtoto hupakwa mapajani ili chuma kiteleze, chaki hupakwa mikononi, na kazi hizo zifanywe na watu wawili tofauti, maana poda ikifika kiganjani mshiko umeshapotea. Poda isipakwe jukwaani, na mafuta ya aina yoyote hayaruhusiwi. Mikanda ya kufunga mikono kwenye chuma nayo hairuhusiwi kabisa, hivyo waliozoea kuitegemea waanze sasa kuvuta bila hiyo. Sugu za viganja zichongwe siku nne kabla, zisije zikachanika.

Vifaa hukaguliwa. Mkanda usizidi upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 13. Soksi za magoti zisizidi unene wa milimita 7 na urefu wa sentimita 30. Bendeji za vifundo vya mikono zisizidi mita moja. Kila mmoja awe na singleti, lile vazi la kubana la kipande kimoja, fulana nyepesi ya mikono mifupi isiyo na kola wala mfuko, soksi ndefu za kufunika miundi wakati wa dedilifti, na nguo ya ndani isiyo na miguu mirefu. Boksa zimewarudisha wengi nyuma mlangoni. Kwa mabinti wanaotaka kujistiri zaidi, waandikieni waandaaji sasa hivi na mpate jibu la maandishi, mtaje kwamba vazi halibani wala halisaidii kunyanyua na kwamba viwiko na magoti yataonekana umbo lake. Msingoje kubishana siku ya mizani. Na mabinti hao wajue kwamba Hellen Wawira aliiletea Kenya medali ya shaba hapa Uingereza, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, kwa kunyanyua benchi upande wa watu wenye ulemavu.

Mizani hufunguliwa saa mbili kabla ya mashindano na hukaa wazi kwa saa moja na nusu. Muda huo ni mfupi, kwa hiyo msijikaushe. Anayezidi daraja lake kwa zaidi ya kilo moja aanze kupunguza chumvi na wanga siku chache kabla, au apande daraja. Kukimbia na jaketi kwenye jua ili kupunguza uzito halafu unyanyue saa mbili baada ya mizani ni kujitafutia mikakamao ya misuli. Wakati wa mizani toeni pia kimo cha raki zenu za skwati na benchi. Kila mtu aandike namba yake baada ya kujaribu raki ya huko, asikisie.

Akitoka mizani, ale. Wali mweupe, ndizi mbivu, tende, mkate na asali, na maji nusu lita yenye chumvi kidogo, taratibu. Mahamri na mbaazi za nazi, viazi karai na biriani vibaki vya jioni baada ya medali, kwani mafuta na nazi hukaa tumboni, na mkanda ukikazwa juu yake utajuta.

Kupasha mwili kunataka hesabu. Kundi likiwa na watu kumi na wawili, kila mmoja huchukua kama dakika moja. Anayeanza na 180 anaweza kwenda 20, 70, 110, 140, 160, 170, akipunguza marudio hadi moja, na hiyo ya mwisho iwe dakika sita au saba kabla ya jina lake kuitwa. Wengi hupasha mapema mno kwa woga, kisha wanakaa dakika ishirini mwili unapoa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na asubuhi ina baridi, hivyo chukueni sweta na suruali nzito, na mpumzike kidogo zaidi kati ya seti. Mnyanyuo mmoja haupungui kwa sababu ya hewa hiyo, ila pumzi huchelewa kurudi.

Dawa, mpwa wangu. Hili nalisema kwa uzito wote. Majani ya miraa na muguka yana kathini na kathinoni, na vyote viwili vimo kwenye orodha ya dunia ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Kijana anayetafuna barazani Ijumaa anaweza kufungiwa kwa mkojo wa Jumamosi. Dawa za mafua zenye efedrini na pseudoefedrini ni vivyo hivyo. Poda za dukani za kuongeza nguvu zisizojulikana zilikotoka ziacheni. Anayetumia pampu ya pumu asiiache, aende na barua ya daktari, na mwulize ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, mapema.

Safirini siku moja kabla ya mizani, si usiku wa kuamkia. Mkipanda treni pale Miritini, mizigo hupangwa mstari ikanuswe na mbwa, kwa hiyo chaki na poda ya mtoto ziwe kwenye pakiti zake zenye maandishi, zisifungwe kwenye karatasi ya nailoni isiyo na jina. Singleti, mkanda na viatu vibebwe mkononi na mwenyewe. Dedilifti nzito ya mwisho iwe siku kumi hadi kumi na nne kabla, skwati wiki moja au siku kumi, benchi siku tano. Baada ya hapo ni vyepesi tu vya kukumbusha mwili na amri.

Nitumie jina la kila mmoja, uzito wake wa asubuhi kabla ya chai, na majaribio ya kwanza mnayofikiria, pamoja na picha za skwati zilizopigwa kutoka ubavuni. Nitazitazama Jumapili na kukujibu moja moja. Msalimie mama yako na bibi, na umwambie dada yako aanze kuchora daftari lake sasa.

Mjomba wako