Barua kwa somo yangu wa ng'ambo ya mikoko

Vanga,
Juni 2025

Kwako somo yangu,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto mu wazima. Sisi huku hatujambo, ila mama magoti yanamsumbua tangu masika yaanze, na njia ya Lunga Lunga imeharibika hadi vijana wa boda boda wanadai nauli mara mbili. Mkeka ulionitumia umefika. Nimeutandika sebuleni na sitaki mtu aukanyage na viatu.

Nakuandikia kwa kalamu makusudi. Mara ya mwisho tulipozungumza habari za shule kufungwa wakati wa korona, huku Kenya na huko kwenu Tanzania, tulirushiana sauti za WhatsApp usiku kucha, na unajua yaliyotupata.

Juzi Jumamosi nilikuwa barazani nachambua mchele, akaingia uani msichana mrefu, ushungi mweupe, akanishika mkono akaubusu. "Mwalimu, hunikumbuki?" Sura nikaijua, kimo sikukijua. Alipocheka nikaliona lile pengo la jino la mbele, moyo ukanilipuka. Ni yule binti wa darasa la tano uliyempokea wewe shuleni kwako Julai 2020. Amekuja likizo kwa baba yake. Yuko kidato cha tatu, anataka kusomea uuguzi, na alinieleza habari za kemia nikabaki kuitikia tu kama mgeni.

(Usijivune. Nimeshapiga hesabu. Wenzake waliobaki kwangu wako kidato cha pili, lakini huo mwaka mmoja ni kwa sababu msingi yenu inaishia la saba na yetu ilikuwa ikiishia la nane. Hukuuongeza wewe.)

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilikuwa nikiyakumbuka maneno yangu. Nilikuambia umempeleka mtoto wa watu machinjioni. Nilikuuliza ni mwalimu gani anayepokea mwanafunzi bila karatasi, tena aliyevuka mpaka uliofungwa, tena wakati wa maradhi. Nawe ukanijibu, "Bora huyo kuliko hao mliowafungia nje." Tukanuniana mwaka mzima, sisi tuliokula sinia moja kwenye harusi za Jasini kabla hatujang'oa meno ya utoto.

Sasa nisikilize, maana wakati ule hukunisikiliza, na mimi sikukuambia yote.

Tulianza pamoja. Huku Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Jumapili Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza: shule za kutwa zisifunguliwe kesho yake, wa bweni wawe makwao kufikia Jumatano. Rejista yangu ya darasa la tano inaishia Ijumaa Machi 13, majina 58. Kwenu Waziri Mkuu Majaliwa alifunga Jumanne Machi 17. Hakuna aliyegombana na mwenzake kwa hilo. Ugonjwa hatukuujua, tuliona tu majeneza ya Italia kwenye simu.

Ugomvi ulikuja kwenye kufungua. Sisi tulikuwa na kafyu, halafu Aprili tukakatazwa kutoka Kwale, halafu Mei 16 mpaka na ninyi ukafungwa ila kwa malori ya mizigo, na madereva wakalala chini ya magari yao wakingoja majibu ya vipimo. Kwenu hesabu ya wagonjwa ikakoma kwenye 509, kisha Juni 29 watoto wote wakarudi madarasani. Siku nane baadaye, Julai 7, Profesa Magoha, waziri wetu wa elimu, akasimama mbele ya kamera akatuambia mwaka wa masomo wa 2020 umefutika, kila mtu atarudia darasa lake Januari.

Mimi nilishangilia. Hilo ndilo sikukuambia.

Nilikuwa mwakilishi wa chama cha walimu shuleni kwetu, unakumbuka. Wazazi waliitwa chini ya mwembe, wamekaa mbalimbali, barakoa kidevuni, nikasimama nikawasomea hesabu. Darasa moja lina watoto 58. Dawati moja watoto wanne. Tukiwaweka mita moja na nusu kila mmoja, darasa la tano peke yake linataka vyumba vitatu, na vyumba hatuna. Maji tunanunua kwa mtungi, yanakuja kwa mkokoteni wa punda. Kibuyu chirizi kimoja cha kunawia, choo kizima. Hakuna neno nililolisema siku ile lililokuwa uongo.

Akainuka mzee mmoja, mvuvi, miguu bado ina chumvi. Akauliza, "Mwalimu, mshahara unaingia?"

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba hatukukusanyika kuzungumza mishahara. Lakini somo, ndilo tulilopaswa kuzungumza kwanza. Mimi mwajiriwa wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, nililipwa Machi, nikalipwa Aprili, nikalipwa mpaka Desemba, sikukosa hata mwezi mmoja. Mwenzangu wa chumba cha pili, mwalimu wa BOM, yaani wa bodi ya shule, anayelipwa kwa michango ya wazazi, hakupata kitu tangu Aprili. Alikaanga viazi karai kando ya barabara. Siku ile ya mkutano nilipita nikamnunulia viazi vya ishirini, nikala nikienda kuwaambia watu shule zibaki zimefungwa. Na vilikuwa vitamu.

Yule mvuvi ndiye baba yake binti. Hakungoja jibu langu jingine. Wiki ile ile, maji yalipokupwa alfajiri, alimshika mkono mwanawe wakapita mikokoni hadi kwa shangazi yake upande wenu. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi.

Utasema, "Si mlikuwa na masomo ya redio?" Tulikuwa nayo. KICD, taasisi ya kukuza mitaala, walitoa ratiba, vipindi vikawa kwenye redio ya taifa ya KBC na kwenye televisheni, na walioviandaa walijitahidi, siwalaumu. Lakini nilizunguka nyumba za wanafunzi wangu mwezi wa Juni. Redio ipo, iko baharini na baba. Redio ipo, betri zimekufa tangu Ramadhani. Simu ipo, ya mjomba, ina nyufa na haina bando. Na hata penye redio, mtoto wa miaka kumi na moja anasikiliza hesabu za sehemu kwa Kiingereza, sauti inakwenda mbio, naye hawezi kunyoosha mkono aseme, "Mwalimu, hapo rudia." Baadaye ikatoka amri tuwafundishe vijijini kwa makundi madogo. Huo mpango nao ukaishia mahakamani.

Halafu ikaja Oktoba, na hapa ndipo ninapoumia mpaka leo.

Ile kauli ya kufuta mwaka ililegezwa. Oktoba 12 yakaitwa madarasa matatu tu: gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne. La nane na cha nne kwa sababu wana mtihani wa taifa. Gredi ya 4 kwa sababu ndio watoto wa kwanza wa mtaala mpya, na serikali haikutaka wakwame. Darasa langu la tano lilikuwa juu yao kidogo tu, la mwisho katika mtaala wa zamani. Hawakuwa na mtihani, hawakuwa wapya. Hakuna aliyekuwa na haraka nao.

Ili wa darasa la nane wapate ile mita moja na nusu, waligawanywa wakatumia na chumba changu. Ndipo nikaelewa kwamba nafasi ilikuwepo, ilitokana na watoto wangu kutokuwepo. Walikuwa wakija uani kwa shule, wanashika waya wa ua, wanawatazama wadogo zao wa gredi ya 4 wakinawa mikono. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sisi tumekosa nini?" Nikamwambia arudi nyumbani, asisimame karibu na wenzake.

Denmark, nilisoma kwenye simu, walifungua shule Aprili ile ile ya 2020, tena walianza na watoto wadogo. Walisema wadogo hawaumizwi sana na ugonjwa, na tena ndio wasioweza kujisomea peke yao. Sisi tulianza na wenye karatasi ya mtihani. Najua Denmark si Vanga, wana mabomba na vyumba vya kutosha. Lakini nani atangulie kurudi ni jambo la kuamua, halihitaji bomba.

Usidhani basi nimekuja upande wako. Bado. Oktoba ile ile Mombasa walimu walianza kupatikana na virusi, shule zikafungwa tena kwa siku kadhaa, na baadaye mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya Tononoka akafariki. Nilikuwa na hofu ya kweli, nilikuwa nikirudi nyumbani naoga nje kabla ya kumsalimia mama. Na kwenu walikufa pia. Yule mwalimu mwenzako wa Kiswahili, aliyetuchekesha arusini kwako, ulinipigia ukaniambia amekwenda kwa "changamoto ya upumuaji". Nikanyamaza, na wewe ukanyamaza. Mlijuaje kwamba ninyi mko salama, na hesabu hamkuwa mkihesabu? Juu ya mtoto yule ulisema kweli. Juu ya maradhi hukuwa na cha kusemea. Ilipofika Julai 28, 2021, Rais Samia akachanjwa mbele ya watu, ndipo uliponitumia picha ya bega lako bila neno lolote. Ukiacha ile simu ya msiba, ndiyo iliyokuwa salamu yako ya kwanza baada ya mwaka. Nilicheka peke yangu jikoni. Sisi walimu wa huku tulishatangulizwa kuchanjwa tangu Machi.

Lakini kuna jambo bado halijanitoka. Januari 4, 2021 wote walirudi. Wote. Magoha alikwisha kusema kukaa mbali madarasani hakuwezekani, barakoa itatosha, wengine wasomee chini ya miti. Yakaja madawati mapya yaliyotengenezwa na mafundi wa jua kali, mazuri kwa kweli, ila chumba hakikuongezeka hata kimoja. Ile hesabu yangu ya mwembeni, vyumba vitatu kwa darasa moja, ilifutwa kwa siku moja kama ubao. Basi kama mita moja na nusu ilikuwa sharti, Januari ilikwenda wapi? Na kama haikuwa sharti, tulingoja nini karibu miezi kumi? Nimeuliza watu wakubwa kuliko mimi. Wananiambia mambo yalikuwa yakijulikana pole pole. Ni kweli, ila sidhani kama ni jibu. Na afadhali sisi, Uganda walingoja hadi Januari 10, 2022 ndipo shule zikafunguliwa kwa wote.

Baada ya hapo ikawa mbio. Mihula ilibanwa hadi mwaka mmoja ukameza mihula minne, watoto wakachoka, walimu tukachoka, mabweni huko kwingine yakachomwa. Kalenda ilikaa sawa Januari 2023. Darasa langu ndilo lililofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza msingi, mwaka ule ule.

Kati ya wale 58, wasiokuwemo ni saba. Wawili wako baharini. Mmoja alikuwa anabeba kokoto na sasa ana boda boda yake, akiniona hanitozi nauli, nami naona haya kupanda. Mmoja aliolewa, alikuwa na miaka 15 kwa sababu alichelewa kuanza shule. Wawili walihama na wazazi wao na habari zao sinazo.

Wa saba ni huyu binti.

Jumatatu nilifungua kabati la ofisi nikaitafuta ile rejista. Mchwa wameanza kuila pembeni. Nikamkuta, nambari 31, na mbele ya jina lake kuna mwandiko wangu mwenyewe, wino mwekundu: *ameacha shule*. Niliandika hivyo Februari 2021, na nilijua fika yuko kwako anasoma. Nilikuwa nimekukasirikia. Hesabu ya walioacha shule ilipokusanywa, naye alihesabiwa humo, mtoto ambaye hakukosa masomo kuliko wenzake wote 57.

Kwa hiyo nina ombi. Naomba uniandikie barua ya uhamisho, hata kama imechelewa miaka mitano. Weka tarehe ya kweli uliyompokea na muhuri wa shule, na useme hakuwa na karatasi, usifiche. Nataka niibandike kwenye ukurasa ule kabla mchwa hawajafika kwenye nambari 31.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe, anaondoka Jumapili. Nimeifunga kwa gundi, ila unawajua watoto. Nimempa na dagaa kilo mbili na pilipili ya kusaga, ile kali. Akirudi Desemba aje na jibu.

Wasalaam,

Somo yako