Watunzi wa taarab nao waenziwe kwa albamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi yetu ya kumkumbuka mwimbaji na kumsahau aliyetia muziki.

Wanamuziki wa jazi wa Marekani huweza kurekodi albamu nzima ya kazi za mtunzi mmoja kwa ajili ya kumuenzi. Billy Strayhorn alitunga kwa karibu miaka thelathini katika bendi ya Duke Ellington, huku jina linalovuma likiwa la Ellington. Hata "Take the 'A' Train", iliyokuwa utambulisho wa bendi hiyo, wengi hudhani ni ya kiongozi wake. Strayhorn alipofariki mwaka 1967, Ellington aliingia studio mwaka huo huo kurekodi kazi za marehemu, na mwaka 1992 mpiga saksafoni Joe Henderson akatoa albamu ya kazi za Strayhorn. Humo "Isfahan" imepigwa kwa saksafoni na besi tu, na "Lush Life" kwa saksafoni peke yake, hata msikilizaji akalisikia wazo la mtunzi likiwa halina pambo. Kwangu mimi, huko ndiko kumheshimu mtunzi, wala si kumuiga.

Hayo si mageni kwetu, kwani mpiga udi au qanuni (vyombo vya nyuzi) hupewa nafasi ya taksim, yaani kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo, akatembea ndani ya maqam (mpangilio wa sauti za muziki) apendavyo, na bashraf, muziki wa vyombo vitupu, husikilizwa bila ya mwimbaji. Klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu mwaka 1905, na vijana wanafundishwa vyombo katika chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) hapa Unguja. Hata hivyo, kila mtoto wa skuli anamjua Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, lakini ni wangapi wanaoweza kuwataja waliompigia vyombo?

Napendekeza klabu zetu zimchague mtunzi mmoja, afadhali aliye hai ili asikie na alipwe haki yake, kisha wazee na vijana wapige nyimbo zake pamoja, nyengine zikiimbwa na nyengine zikiachiwa vyombo vitupu. (Kinanda cha umeme, kwa idhini ya vijana, kibaki nyumbani.) Jalada limtaje mtunzi wa shairi mbali na aliyetia muziki, kwani mara nyingi ni watu wawili, na redioni hutajwa mwimbaji tu.

Mpenzi wa taarab,
Kikwajuni, Unguja