YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAA YA ABS ILIYOWAKA BAADA YA GEREJI YENU KUBADILISHA BERINGI YA GURUDUMU

Kwa Meneja wa Huduma,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nililileta gari langu katika gereji yenu, iliyo sehemu ya kampuni iliyoniuzia gari hilo, kwa sababu gurudumu la mbele kushoto lilikuwa likivuma, na mvumo huo ulipanda kadiri mwendo ulivyoongezeka na kuzidi kila gari lilipokata kona ya kulia na kuelemea upande wa kushoto. Fundi wenu alilijaribu barabarani, akathibitisha kwamba beringi imekwisha, nami nikaridhia ibadilishwe na nikalipa bili yote kabla ya kukabidhiwa funguo. Mvumo umekwisha kweli, na kwa hilo sina neno. Lakini sikuwa nimefika mbali na geti lenu taa ya njano ya ABS, yaani ya mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki zinapokanyagwa ghafla, ikawaka kwenye dashibodi, pamoja na ile yenye picha ya gari linaloteleza. Tangu hapo taa hizo huzimika ninapowasha injini, kisha huwaka tena mara gari linaposhika mwendo.

Niligeuza na kurudi papo hapo. Mhudumu wa mapokezi alinieleza kwamba hilo ni tatizo jingine lisilohusiana na beringi, kwamba sensa ya gurudumu, yaani kifaa kinachosoma mwendo wa gurudumu, imekufa kwa uzee, na akanichapishia makadirio ya gharama ya sensa mpya pamoja na ufundi. Sikatai kwamba sensa huzeeka na kufa. Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba imekufa kwa uzee wakati gari likiwa mikononi mwenu, tena imefungwa palepale fundi alipokuwa akifungua, akigonga na kusukuma kwa presi, halafu kazi iliyofanyika hapo ionekane haina mkono katika jambo hili. Karatasi ya mapokezi, ambayo mhudumu huyohuyo aliijaza gari lilipoingia, ina sehemu ya taa za dashibodi, na mbele ya ABS ameandika kwa kalamu yake kuwa haiwaki. Nakala yake nimeiambatisha.

Kwa kuwa sikuridhika, nilimwomba fundi mwingine, asiye na masilahi yoyote katika suala hili, alipime gari kwa kompyuta. Gari lilipoendeshwa taratibu, magurudumu matatu yalionyesha mwendo unaolingana, na lile la mbele kushoto likabaki kwenye sifuri. Ndipo akafanya jambo ambalo naamini lilipaswa kufanyika kwenu kabla ya makadirio yoyote kuchapishwa: alizihamisha sensa mbili za mbele, ya kushoto akaifunga kulia na ya kulia akaifunga kushoto. Kama sensa ndiyo mbovu, ubovu ungehamia kulia pamoja nayo. Haukuhama. Sensa mliyoitangaza kuwa imekufa ilisoma vizuri upande wa kulia, na ile nzima ya kulia ikanyamaza ilipofungwa kushoto. Akazipima na nyaya zinazotoka kwenye sensa hadi kwenye kompyuta ya breki, akazikuta nzima. Kilichobaki hapo ni kitu kimoja tu, nacho ni beringi mliyoifunga ninyi.

Mafundi wenu wanajua kuliko mimi kwamba beringi ya gari hili ina pete ya sumaku kwenye sili ya upande mmoja, na kwamba ncha za sumaku hiyo zinapopita mbele ya sensa hutoa mapigo ambayo kompyuta huyatumia kujua gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Upande huo lazima uelekee sensa. Beringi ikifungwa kinyume huingia sawasawa, huzunguka sawasawa na wala haipigi kelele, ila sensa haioni chochote. Pande zake mbili hufanana sana kwa macho, na ndiyo sababu fundi makini huigusisha klipu ya karatasi kwanza, aone upande upi unainasa, kabla hajaiweka kwenye presi. Iwe beringi imegeuzwa, au imefungwa ya aina isiyo na pete hiyo, kosa haliwezi kuwa la mwenye gari.

Niliambiwa pia nisiwe na wasiwasi, kwa kuwa breki zinashika. Zinashika, naam, lakini nikizikanyaga ghafla kwenye barabara yenye maji hakuna tena cha kuzuia magurudumu yasijifunge na usukani ukakosa kazi, na mfumo wa kudhibiti utelezi, unaotegemea sensa hizohizo, nao umejizima. Mhudumu mwingine, nadhani kwa nia njema, alijitolea kunifutia taa hizo kwa kompyuta. Nilimkatalia, kwa sababu kufuta taa si kutengeneza gari.

Kwa hiyo naomba beringi hiyo itolewe na ifungwe nyingine mpya, ya aina sahihi na kwa upande sahihi, bila malipo ya kipuri wala ya ufundi. Sitakubali hii iliyopo itolewe, igeuzwe na kurudishwa, kwa kuwa nguvu ya kuing'oa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) hupita kwenye gololi zake na kuziumiza, na baada ya muda nitarudi kwenu na mvumo uleule. Naomba vilevile nati ya ekseli iwe mpya na ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, kipimo hicho kiandikwe kwenye karatasi ya kazi, na iwapo boliti za shokapu zitafunguliwa, mpangilio wa magurudumu upimwe kabla gari halijatoka. Beringi itakayotolewa nikabidhiwe mimi. Gharama niliyomlipa fundi aliyefanya uchunguzi, ambayo risiti yake ipo pamoja na barua hii, nirudishiwe, maana uchunguzi huo ulikuwa wajibu wenu.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, yakitaja siku ya kulileta gari na jina la msimamizi atakayehusika, kwani sipendi kupigwa danadana tena kati ya mapokezi na karakana. Muda huo ukipita kimya, nitaiwasilisha barua hii pamoja na viambatisho vyake kwa kampuni iliyotengeneza gari na kwa mamlaka inayoshughulikia haki za walaji.

Wako mteja,
Mmiliki wa gari