Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu mtazisikia kwa mweka hazina, na suala la umeme wa karakana katibu analo. Mimi nitakaa kwenye gundi, kwa sababu ndiyo iliyoleta mabishano zaidi mwaka huu.

Kila aliyekata MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, hapa Moshi milango ikiwa imefungwa anaijua: macho yanawasha, koo linakereketa, na mteja akifungua kabati jipya anarudi nyuma hatua mbili. Hiyo ni gesi ya fomaldehaidi. Inatoka kwenye gundi ya urea inayoshikanisha nyuzi za mbao kiwandani. Gundi hiyo ni ya bei nafuu na hukauka upesi kwenye mashine ya joto, ila unyevu na joto huivunja kidogokidogo, nayo ikaendelea kuachia gesi hata miaka. Tangu 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeihesabu fomaldehaidi kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Watafiti wamejaribu kuipunguza kwa vitu vya asili: lignini (kitu kinachoupa mti ugumu), wanga, soya, na hasa tanini. Tanini yenyewe si ngeni kwetu. Hukamuliwa kwenye magome ya muwati, mti unaolimwa Njombe, na watengeneza ngozi wameitumia miaka mingi. Ikiingia kwenye gundi huikamata fomaldehaidi iliyobaki bila kufungamana. Ikizidi, gundi inakuwa nzito na kuganda kabla haijasambaa, na ubao unakuwa dhaifu.

Ndiyo maana kamati ilikataa hoja ya kusaga magome na kuyachanganya kwenye ndoo zetu za gundi. Walioitoa walikuwa na nia njema, lakini gundi nyeupe tunayopaka kwenye viungo kwa kawaida si ya fomaldehaidi. Gesi imo ndani ya ubao tunaouziwa. Dawa hiyo ni ya kiwandani.

Letu ni kumbana muuzaji. Ulizeni daraja E1, yaani kwenye chumba cha majaribio gesi isizidi miligramu 0.124 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Akikuambia "zote ni sawa", mwambie akuonyeshe karatasi. Kingo zilizokatwa zifunikwe zote, hata za nyuma ambazo mteja hazioni, maana huko ndiko gesi inakopenya zaidi.

Kamati inapendekeza tununue E1 kwa pamoja ili bei ishuke. Anayetaka kuingia ajiandikishe kwa katibu leo.