Mjomba, yule kijana sikumuuza kweli

Shikamoo mjomba.

Nimeona niandike tu hadharani maana siri yenyewe haipo tena, kwenye grupu la ukoo naona mpaka watu ambao hawajanisalimia tangu nipande ndege wanauliza eti ni kweli nimeuza mtu. Na hii yote imeanzia kwako. Ile Jumamosi ya mwaka juzi ulinipigia ukaniuliza mbona sauti imekauka hivyo, nikakujibu sijalala, nimekesha namuuza kijana wa miaka 22 kwa watu wa Baltimore, wamenipa vijana wanne. Ukacheka. Mimi nilijuaje kama umeweka spika na Bibi yuko hapo hapo mkekani anachambua mchele? Nikasikia tu ungo umewekwa chini, halafu kimya, halafu sauti yake kwa mbali: "Amemuuza nani?"

Tangu siku hiyo kila nikipiga simu Bagamoyo, kabla hata ya hali ya hewa, ananiuliza yule kijana ameshapata kurudi kwao. Nimeeleza nimechoka. Sasa nakuelezea wewe vizuri, wewe ukamwelezee, maana wewe ndo anakuamini.

Iko hivi. Ligi kuu ya besiboli huku Marekani ina timu 30, na sisi tuko watu 30, kila mtu na timu yake. Wengi tunafanya kazi pamoja zamu ya usiku, wengine ni majirani na mashemeji. Fainali za kweli zikiisha, mwisho wa Oktoba au Novemba mwanzoni, wenzetu wanazima TV, sisi ndo tunaanza. Hakuna anayeshika gongo la kupigia mpira wala anayekimbia. Kazi yetu ni ile ya meneja mkuu, yule bwana wa ofisini anayeamua nani abaki, nani aachwe, nani abadilishwe na nani, nani alipwe ngapi. Wachezaji ni wa kweli, mishahara ya kweli, kanuni za kweli, sisi tu ndo wa uongo. Kamishna wetu ni mzee mmoja mwalimu mstaafu wa hesabu, na ndo huyo huyo anajifanya wakala wa wachezaji wote, unamtumia ofa saa nane mchana anakujibu saa saba usiku "mteja wangu anatafakari", na mteja mwenyewe hata hajui kama tupo duniani. Mwisho wa Januari anaingiza vikosi vyote kwenye programu inaitwa Out of the Park Baseball, ya Mjerumani mmoja Markus Heinsohn, ipo tangu 1999, inacheza mechi 162 za kila timu wakati wewe unamalizia chai.

Mimi nilipewa Pittsburgh. Sikuchagua, tulipiga kura kwa karatasi kwenye kofia, lakini nilifurahi maana ndo mji ninaoishi na uwanja wao nauona nikivuka lile daraja la njano la Roberto Clemente. Wenzangu walinipa pole. Pittsburgh Pirates ubingwa wa mwisho ni 1979, mara ya mwisho kuonja hatua ya mtoano ni 2015, na pesa hawatoi. Huku hakuna kikomo cha mishahara, kuna mstari tu ambao ukiuvuka unatozwa kodi, kwa 2025 ulikuwa dola milioni 241, sisi huo mstari tunauona kama mtu wa Mbagala anavyoziona ghorofa za Posta. Kamishna alinipa milioni 90 kwa timu nzima. Majira hayo hayo, kwenye dunia ya kweli, klabu ya New York Mets wakampa mchezaji Juan Soto peke yake milioni 765 kwa miaka 15. Gawanya mwenyewe mjomba, ni milioni 51 kwa mwaka, mtu mmoja.

Sasa elewa kitu kimoja ambacho ni tofauti na Simba na Yanga. Huku klabu kwa kawaida hazinunuliani mchezaji kwa ada, zinabadilishana watu kwa watu. Nikitaka wako, natoa wangu, pengine na hela kidogo juu. Ndo maana lile neno nililokwambia kwenye simu, kuuza, lilikuwa la mdomoni tu. Na utajiri wa timu maskini ni vijana, kwa sababu mchezaji akiingia ligi kuu miaka mitatu ya mwanzo anapokea kama kima cha chini tu hata awe hatari vipi, miaka mitatu inayofuata anaruhusiwa kwenda kudai mbele ya wasuluhishi, akitimiza sita ndo anakuwa huru kwenda anakotaka. Kima cha chini cha 2025 kilikuwa dola 760,000. Najua kwako hiyo ni nyumba Kigamboni, huku kwenye mpira ni hela ya kubadilishia.

Hao wasuluhishi ungewachukia. Wewe ukibishana na mteja, yeye kasema laki mbili wewe umesema tatu, mnakutana katikati mnaagizia soda. Hapa hakuna katikati. Klabu inaandika namba yake, mchezaji anaandika yake, wale majaji wanachagua moja kama ilivyo. Nilikuwa na mrushaji mmoja, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji, nikaandika milioni 2.1, kamishna kwa niaba ya "mteja wake" akaandika 2.9, tukatoa majaji watatu kutoka kwenye grupu, na wote wakamchagua yeye kwa sababu nilikuwa nimewakatalia dili zao wiki iliyopita. Ningemwandikia 2.5 mapema tu yangeisha. Ubahili wangu ndo ulinigharimu, na ule ubahili mjomba nimeurithi dukani kwako kwa spea pale Gerezani, usikatae.

Kuhusu kukopesha ndo ungejisikia nyumbani kabisa. Hao hao Mets waliachana na mchezaji mmoja, Bobby Bonilla, badala ya kumlipa milioni 5.9 zake mwaka 2000 wakakubaliana wamlipe kidogo kidogo pamoja na riba, na tangu 2011 kila tarehe 1 Julai anapokea dola 1,193,248 na senti 20 mpaka 2035. Jamaa kazaliwa 1963! Na mchezaji mwingine, Shohei Ohtani, alivyosaini na Dodgers wa Los Angeles milioni 700 kwa miaka 10, milioni 680 kati ya hizo zitalipwa baadae, kuanzia 2034. Nikajaribu na mimi ujanja huo, kamishna akaniandikia kwa herufi kubwa: HAPANA, HATA ISHIRINI HUNA.

Haya, sasa yule kijana.

Anaitwa Paul Skenes. Mrefu kama mlango, chaguo la kwanza kabisa kwenye usajili wa vijana wa 2023, akaingia ligi kuu Mei 2024 na akatoka na tuzo ya mchezaji bora mpya. Mrushaji mjomba ndo kama kipa na mshambuliaji kwa pamoja, mpira wote unaanzia mkononi mwake, ila ana kasoro moja, anaanza mechi moja kisha anapumzika siku nne tano. Na Pittsburgh wanaye mpaka msimu wa 2029 uishe. Kwa timu ya milioni 90 kuwa na mtu kama huyo kwa kima cha chini ni sawa na kuokota dhahabu Kariakoo.

Jamaa mwenye timu ya Baltimore kwenye grupu letu ni dereva wa basi, mpole, hasemi sana. Saa sita usiku akanitumia majina manne: Samuel Basallo, Coby Mayo, Heston Kjerstad, na mrushaji mmoja wa ligi za chini. Watatu wapigaji. Mimi nilikuwa na kaunta buku yangu mezani, nimechora mistari kama daftari lako la madeni, safu ya jina, safu ya umri, safu ya miaka iliyobaki, safu ya hela, kwa penseli ili nifute. Na safu ya wapigaji wangu ilikuwa tupu, yaani kweupe. Mwaka ule timu ya kweli ilishinda 76 ikapoteza 86 na huyo Skenes akiwemo.

Unajua nilikumbuka nini? Ile giaboksi ya gari la Noah pale dukani kwako. Alikuja yule mteja wa Morogoro na hela mkononi, bei nzuri, wewe ukasema hii haitoki, hii ni ya mtu maalumu, itapanda. Ikakaa. Mimi ndo nilikuwa naifuta vumbi kila asubuhi, nikaifuta mpaka nikamaliza form six, mpaka zikaanza kuja zingine za bei chee kutoka Dubai, na uliiachia kwa hela ya nauli. Ulisema siku hiyo mali ikizidi kukaa kwenye shelfu inaanza kukuona wewe ndo mteja. Saa nane usiku nimeshika penseli nikaisikia sauti yako. Na mkono wa mrushaji ni kitu cha kuvunjika, wengi wanapasuliwa kiwiko wanakaa nje mwaka mzima na zaidi. Nikasema bora nitoe angali anang'aa.

Ila dereva wa basi akaongeza: nataka pia yule Mganda. David Matoma, kijana kutoka Uganda, mrushaji, Pirates walimsajili, wakati ule bado yuko ligi za chini kabisa huko, kwenye dili kubwa kama hii yeye ni chenji. Nikakataa. Akasema basi hakuna dili. Nikasema poa, hakuna. Fikiria mjomba, mtu niko tayari kumtoa Skenes lakini nimegoma kwa ajili ya kijana ambaye sijawahi hata kumwona akirusha. Lakini hii ndo klabu iliyompa nafasi Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza ligi kuu, na mara ya kwanza tu kushika gongo akapiga safi. Na watoto wa Lugazi kule Uganda walivyoenda mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika, mwaka mmoja nyuma Waganda wenzao walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza. Kuna vitu haviingii kwenye safu za kaunta buku. Dakika arobaini baadae Baltimore akarudi: sawa, baki na Mganda wako.

Nikafuta jina la Skenes. Penseli ikiwa imekandamizwa haifutiki vizuri, mpaka leo ukiinamisha ile karatasi kwenye taa unalisoma.

Sasa la Bibi. Sikulichukulia kwa uzito mpaka aliponiambia, siku nyingine, taratibu, kwamba kwetu hapa watu waliuzwa kweli, na bibi yake yeye alikuwa akisikia neno hilo anatoka nje. Nilinyamaza. Maana hata huku kuna mtu alishasema hilo. Curt Flood, mchezaji mweusi wa St. Louis, 1969 klabu ilimbadilisha kwenda Philadelphia bila hata kumuuliza, akamwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa kama vile hana matakwa yake. Akaenda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, 1972 wakamkataa, majaji watano kwa watatu, na mpira wake ukawa umekwisha. Uhuru wa wachezaji ulikuja baada ya uamuzi wa msuluhishi mwishoni mwa 1975, wakafaidi wengine. Leo mchezaji mwenye miaka kumi ligi kuu, mitano ya mwisho klabu moja, anaweza kukataa kubadilishwa. Kwenye mchezo wetu ile sheria kila mtu anailalamikia kwa sababu inakwamisha dili. Mimi siku hizi silalamiki.

Utaniuliza, na giaboksi iliishaje? Kwenye kompyuta nilionekana fundi. Skenes wa kompyuta aliumia kiwiko mwezi wa sita, timu yangu ikamaliza ya pili kwenye kundi, dereva wa basi hakuniongelesha wiki mbili. Kwenye dunia ya kweli huyo huyo Skenes hakuumia popote, 2025 alichukua Cy Young ya ligi yake, tuzo ya mrushaji bora, kwa kura zote. Lakini angalia rekodi yake: alishinda 10 akapoteza 10, mtu ambaye alikuwa hafungiki, kwa sababu Pittsburgh ya kweli haikuwa na wa kupiga, wakashinda mechi 71 tu. Kwa hiyo nilikosea au nilipatia? Tumebishana kazini mpaka msimamizi akatutenganisha meza. Mimi nasema nilipatia. Lakini nikienda uwanjani siku akirusha, nikiona watu wote wanasimama hata kabla hajafanya kitu, nainamisha kofia kama mtu anayedaiwa.

Mambo ya mwaka huu: tumeanza tena, na Skenes yule wa kompyuta amepona. Baltimore anamrudisha sokoni, anataka Basallo na mwingine. Sasa nataka akili yako ya Gerezani, mali uliyoiuza mwenyewe unairudisha kwa bei gani?

Nitakupigia Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri ya kwenu, mimi nitakuwa ndo natoka kazini. Bibi mwambie yule kijana hajawahi kuondoka, yuko hapa hapa Pittsburgh, jana tu nimeona picha yake kubwa kwenye ukuta. Na mjomba, tafadhali, usiweke spika.

Mpwa wako.