Barua ya malalamiko: Paa mliloniandalia kwa masika linavuja

Kibada, Kigamboni,
Dar es Salaam.
14 Aprili 2025

Kwa Mkurugenzi wa Kampuni,

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KAZI MBOVU NA ILIYOCHELEWA YA KUANDAA PAA KABLA YA MASIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyefunga nanyi mkataba tarehe 9 Januari mwaka huu, nikalipa siku hiyo hiyo shilingi 1,500,000 kati ya 2,150,000. Naandika barua hii nikiwa sebuleni, tunakolala watu watano tangu usiku wa tarehe 22 Machi, kwa sababu vyumba viwili vya upande wa kusini havilaliki.

Naomba nianze na tarehe, maana huko ndiko yalikoanzia yote. Nilikuja ofisini kwenu Januari kwa makusudi. Huku pwani vuli ikishapita tunapata wiki chache za jua la kaskazi kabla masika hayajaingia mwezi Machi, na mwenye paa bovu hizo ndizo siku zake. Upepo wa kimbunga Hidaya ulipotufikia mwanzoni mwa Mei 2024 ulinyanyua kofia ya paa langu, lile bati la kufunika kilele, na kulegeza mabati ya upande wa kusini. Vuli nzima nilivumilia kwa ndoo na turubai huku nikidunduliza, nikaja kwenu fedha zikiwa mkononi. Msimamizi wenu aliandika kwa mkono wake: kazi ianze 20 Januari, iishe 31 Januari. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kupiga simu. Mara gari limeharibika, mara mafundi wako Bagamoyo, mara mabati hayajatoka stoo. Walifika tarehe 3 Machi, mawingu yameshaanza kukusanyika, wakafanya kazi mbiombio hadi tarehe 7. Kesho yake nilimalizia shilingi 650,000, kwa sababu ukisimama uani paa lilikuwa linapendeza.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku wa tarehe 22. Mama mkwe wangu, mwenye miaka 78, ndiye aliyetuamsha. Maji yalikuwa yanashuka kwenye waya wa taa juu ya kitanda chake, yanazunguka kishikio cha balbu, kisha yanadondoka kwenye chandarua. Mume wangu alikimbilia swichi kuu akazima, mimi nikamshika mama mkono tukatoka naye gizani. Kufika alfajiri bodi ya jipsamu ilikuwa imebonyea, na saa mbili asubuhi ikaanguka nzima juu ya mto wake. Nilipopiga simu, kijana wa ofisini kwenu aliniambia huo ni uvujaji mdogo wa kawaida kwa paa jipya. Naomba neno hilo lisirudiwe mbele yangu.

Mchana jua lilipotoka nilipanda darini mwenyewe nikiwa na chaki. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kuezeka Tanga, na ngazi yake nimeishika tangu nikiwa darasa la nne, kwa hiyo nilichokiona nakielewa. Kila palipopenya mwanga nilizungushia duara. Nilipata matundu 23, na matundu 17 kati ya hayo ni ya misumari iliyopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni. Maji ya mvua yanapita bondeni. Msumari ukiwa mgongoni, hata ukilegea kidogo maji yanaupita pembeni. Ukiwa bondeni, kila tone linaloshuka kutoka juu ya paa lazima liukute. Hili anajua hata anayejifunza kazi. Tena misumari yenyewe mingi haina mpira, na siku hiyo haikuwa imetimiza mwezi lakini vichwa vilishakuwa vyekundu kwa kutu. Sisi tuko karibu na bahari, hewa yetu ina chumvi, ndiyo maana kwenye makadirio niliomba misumari yenye mpira iliyopakwa zinki, nanyi mkaiweka kwenye bei.

Kuna na mlalio, yaani bati moja linavyolala juu ya jingine. Mabati yamepandana nusu wimbi tu, wakati tulikubaliana wimbi moja na nusu. Kibaya zaidi, mdomo wa mlalio umeelekezwa kusini. Kaskazi inapoondoka, kusi ndiyo inayoingia, na mvua ya masika huku kwetu inakuja ikisukumwa na upepo huo. Fundi aliyefungua midomo ya mabati upande wa kusi ameyakaribisha maji ndani. Nilimwuliza siku ile ile kwa nini wanaanzia upande ule, akanijibu kwamba ndivyo ngazi ilivyokaa vizuri. Nilinyamaza, na kunyamaza huko kumeniuma sana.

Risiti yenu inasema mabati 22 ya geji 28. Maandishi ya kiwandani, ambayo bado yanasomeka kwa ndani, ni geji 30, yaani bati jembamba zaidi. Nimeyapiga picha yote 22. Mabati yalikatwa kwa grainda badala ya mkasi, na vumbi la chuma likaachwa juu ya paa. Sasa limeota madoa ya kutu kila mahali, na kingo zilizoungua zimeanza kuliwa. Gata halikusafishwa, vipande vya bati vimo humo humo pamoja na majani ya mwarobaini.

Nitasema na lililo jema: kofia ya paa ilifungwa vizuri, haijavuja hata tone. Kwa hiyo mnao mtu anayeijua kazi. Huyo ndiye ninayemtaka.

Msimamizi wenu amejitolea kuleta kijana mwenye bomba la silikoni azibe matundu. Sikubali. Silikoni haishiki kwenye bati lenye maji wala lenye kutu, na mvua zenyewe hazijaisha. Ninachoomba ni kwamba ndani ya wiki hii mlete turubai zito na kulifunga upande wote wa kusini, pamoja na fundi umeme wa kukagua nyaya zilizolowa kabla sijawasha taa za vyumba vile. Juni, paa likishakauka, mje mvue mabati yote 22, mlete geji 28 tuliyolipia, mpange mlalio kama tulivyokubaliana, na mpige misumari ya mpira mgongoni. Bodi za dari, godoro na chandarua ni shilingi 465,000, risiti nimeambatanisha. Kama hamuwezi, nirudishieni 2,150,000 na gharama hizo nitafute fundi mwingine. Siku za Januari na Februari hamuwezi kunirudishia, na hizo ndizo nilizokuwa nazinunua kwenu.

Nasubiri majibu ya maandishi hadi Ijumaa tarehe 25 Aprili. Nisipoyapata nitapeleka mkataba, picha na barua hii Tume ya Ushindani, na nitaiandikia Bodi ya Usajili wa Makandarasi kuulizia usajili wenu.

Mafundi wakija, kila siku kuanzia saa kumi jioni nipo nyumbani. Duara za chaki sijazifuta. Misumari isiyo na mpira niliyookota uani nimeiweka kwenye kopo jikoni, na ningependa msimamizi aje aione mwenyewe.

Wako mteja,
Mwenye nyumba, Kibada

Viambatanisho: nakala ya mkataba, risiti mbili za malipo, risiti za vitu vilivyoharibika, picha za mabati na dari.